Shanta Begani, Ziwa Ubavuni

Kusafiri na shanta begani kutoka mji mdogo hadi mji mdogo, mara kwa miguu na mara kwa gari la abiria, ni desturi ambayo vijana wetu wengi huidhania kuwa ya wageni kutoka Ulaya. Dhana hiyo haina msingi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walitembea kwa miezi kutoka bara hadi pwani, mizigo mabegani, wakipita katika nchi za watu wasiowajua; na katika njia hizo ulikua utani, ambao hakuna ofisi ya utamaduni ingeweza kuubuni. Mimi ni Mzaramo, mtumishi wa serikali kwa miaka zaidi ya 30, na mshairi kwa saa zinazobaki. Nipatapo likizo huyaacha majalada mezani nikaelekea Mwanza. Sina ndugu huko. Nina watani, nao wananitosha.

Mji wenyewe sitaueleza sana, kwani mawe yake yaliyopandana kando ya maji yamekwisha kusifiwa kupita kiasi. Raha yangu huanza nishukapo Kisesa, katika barabara ya Musoma, nikapanda taratibu hadi Bujora. Huko Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alianza kazi yake katika miaka ya 1950, na huko zimehifadhiwa ngoma, viti vya watemi na zana za Wasukuma. Mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kucheza, na upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio unaoshinda. Mwaka mmoja kijana mwenye chatu shingoni alinisogelea, nami nikarudi nyuma hatua mbili tatu. Mzee aliyekuwa kando yangu akanishika mkono. "Simama papo hapo, bwana," akaninong'oneza. "Ukiondoka wewe, na huyu, na yule, sisi tumeshindwa." Kumbe mimi niliyejiona mtazamaji tu nilikuwa nahesabiwa!

Siku nyingine nilishuka katika mwalo mdogo upande wa Magu, bila kusudi lolote ila kunawa uso. Msomaji asiyeyajua maisha ya ziwa na afahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huufifiza mwanga wa taa zinazowavuta samaki. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi hutumia umeme wa jua. Kukipambazuka, kazi huwa ya wanawake, nao huwaanika dagaa mchangani au juu ya nyavu kuukuu. Likiwaka jua kali, siku moja yaweza kutosha. Mvua ikiwahi, mali iliyokusudiwa kuliwa na watu huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake ndiyo hiyo.

Basi nilikuwa nimeinama majini wingu lilipotanda upande wa magharibi. Wanawake wakapiga kelele, na kila mwenye mikono akaitwa. "Wewe baba mwenye shanta, unangoja nini?" Nikalitupa shanta, nikashika pembe ya turubai, nikakokota, nikazoa, nikajaza magunia pamoja na watoto wa shule na fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa akipita. Tulipokuwa tumejibanza chini ya kibanda, tumelowa sote, mama mmoja akaniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu, Kisarawe. "Mzaramo!" akapaza sauti. "Ndiyo maana mvua imekuja. Mtani wangu amebeba mvua katika shanta!" Walicheka hata fundi akaketi chini. Nilipotaka kununua dagaa alikataa fedha zangu, akanijazia kifurushi, kisha akachukua kofia yangu kuwa malipo. Sikuidai. Mtani hadai.

Ziwa hili, hata hivyo, si la kuchezewa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu. Na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya 220. Ndiyo maana simlaumu mtu anayelifurahia Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Mgonjwa atokaye Sengerema kwenda hospitali ya Bugando hangoji tena foleni ya kivuko, na hilo lazidi kila hoja yangu. Lakini zile saa za kungoja pale Kigongo, mhubiri, mchuuzi wa ng'ombe na mwalimu mgeni wakigawana hindi moja la kuchoma, sijui sasa hukutania wapi.

Kwa Ukerewe kivuko kingalipo. Nilivuka kutoka Kisorya hadi Rugezi, nikafika Nansio, na huko mwalimu mstaafu aliyeniona nikisoma kibarazani alinikaribisha kwake. Mazungumzo yakamwangukia Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

"Wajukuu zangu," alisema mwalimu, "nikiwasemesha Kikerewe hunijibu kwa Kiswahili. Siwakatazi. Lakini ninyi wa serikalini mlituambia Kiswahili kitakua kwa kuchota katika lugha zetu. Ikulu mliichota kwa watemi wa Wasukuma na Wanyamwezi. Mtachota nini kesho, kama sisi tumekauka?"

Nilikuwa na majibu ya kiofisi, nami niliyameza. Badala yake nikatoa daftari, nikamwomba anitajie majina ya Kikerewe ya sehemu za mtumbwi. Alianza na omo, akaenda kwenye mbavu, akafika makasia. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akichambua mchele, akasogeza ungo karibu. Na babu yake aliposita kidogo katika jina moja, yeye ndiye aliyelitaja.