Kenchi ya Nne

Mwaka 1994 nilikuwa saidia fundi kwenye ujenzi wa ghala moja mjini Morogoro. Kenchi tulizigongea chini, kwa mbao za 2 kwa 4, kisha tukazivuta kwa kamba hadi juu ya ukuta na kuzisimamisha moja moja.

Kenchi ni kitu cha ajabu, msomaji wangu. Ikisimama wima hubeba bati na mafundi juu yake, kwa kuwa pembetatu haipindiki ovyo. Lakini ubavuni ina unene wa inchi 2 tu. Ndiyo maana ile ya kwanza hushikizwa kwa mbao hadi chini, na kila inayofuata hufungwa kwa iliyotangulia kwa mbao za mshazari. Papi huja baadaye.

Siku ile mbao za kushikizia zilikwisha. Mzee aliyetuongoza akasema, "Pandisheni tu, vijana, papi zitashika." Nami nilikwisha kuiona ya pili ikitikisika. Nikanyamaza. Ningemwambiaje mtu aliyenifundisha kushika nyundo?

Tulipoweka ya nne ukavuma upepo, mdogo hata kofia yangu haukuivua. Zikalala zote, moja ikiisukuma nyingine. Mwenzangu alikuwa juu ya ukuta upande huo. Alivunjika nyonga.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003, nami niliifurahia. Vijana wangu hawapandishi kenchi ya pili kabla sijaitikisa ya kwanza kwa mikono yangu.

Mwenzangu hutembea kwa fimbo. Hajaniuliza kamwe kama niliona.