Masizi ya Koroboi kwenye Dadu ya Pande Ishirini

Januari moja hapa Brooklyn Park, Minnesota, theluji ikiwa imefunika ngazi za mlangoni, mwanangu wa miaka kumi na mitatu alimwaga dadu saba kwenye meza ya jikoni. Zilikuwa za plastiki ya manjano iliyopauka. Namba zilikuwa zimechongwa kwa ndani, lakini hazikuwa na rangi yoyote, na ili usome ilibidi uigeuzegeuze dadu chini ya taa mpaka kivuli kikae ndani ya mchongo. Nilidhani ameuziwa mali mbovu.

"Hapana, Mama," akasema. "Zinauzwa hivi hivi. Mwenye kuzinunua ndiye anayezitia rangi."

Kwetu sisi tuliokulia Masinga, huko Kenya, dadu ni ya pande sita na kazi yake ni ludo. Hizi za mwanangu zina pande nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili na ishirini, na ile ya pande kumi huja mbili. Ni za Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi mezani wakasimulia hadithi pamoja, na dadu ndiyo inayoamua kama shujaa ameruka shimo au ametumbukia. Ulitoka mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax wa Lake Geneva, katika jimbo jirani la Wisconsin, na Dave Arneson, kijana wa hapa hapa Minnesota.

Dadu zao za mwanzo zilikuwa za plastiki laini. Ile ya pande ishirini ikichezewa miezi kadhaa pembe zililika, ikageuka kama gololi. Kuanzia 1981 boksi la wanaoanza liliuzwa likiwa na dadu pamoja na kipande cha krayoni. Mtoto alipaka krayoni juu ya namba, akafuta kwa kitambaa, nta ikabaki ndani ya mchongo. Mwaka huo huo, 1981, ndipo Bwawa la Masinga lilipokamilika kwenye Mto Tana. Nitalirudia bwawa hilo.

Kwa nini basi leo, kiwanda kikiweza kila kitu, bado kuna dadu zinazouzwa bila rangi? Mwanangu alinieleza nikapenda. Dadu za kawaida hupakwa rangi mwili mzima, kisha hutiwa kwenye pipa linalozunguka pamoja na vitu vya kusugulia mpaka rangi ya juu itoke na ile ya ndani ya namba ibaki. Katika kuzunguka huko pembe nazo husuguliwa, na hazisuguliwi sawa. Lou Zocchi, Mmarekani aliyeendesha kampuni ya GameScience, alishikilia kwa miaka mingi kwamba dadu iliyosuguliwa hivyo haitendi haki, kwa kuwa upande mmoja unaweza kulika kuliko mwingine. Dadu zake zilitoka na kingo kali, hazikupita kwenye pipa. Na kwa kuwa hazikupita kwenye pipa, rangi ilikuwa kazi ya mnunuzi.

Wenzake mwanangu wana utaratibu. Dadu huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni, maana plastiki mpya ina mafuta mafuta yanayokataza rangi kushika. Kisha huja rangi ya maji ya wachoraji, brashi yenye ncha nyembamba, vijiti vya meno, taa yenye lenzi, pamba na spiriti. Unajaza namba moja, unangoja ikauke kiasi, unapangusa ya juu. 6 na 9 zina alama ya kuzitofautisha, nukta au mstari chini yake, na hiyo nayo lazima ijazwe. Mwanangu alimaliza sita kwa mikono iliyotulia kuliko yangu. Ya saba, ile ya pande ishirini, aliipangusa kabla ya wakati. Rangi ikatoka yote. Akaisugua mpaka ikarudi tupu, akaitupa kwenye mfuko wa begi.

Nilimtazama nikamsifu, basi. Hadi leo najilaumu kwamba jioni ile sikufungua mdomo. Nilimwacha mtoto wangu aamini kwamba kujaza rangi ndani ya mchongo ni ufundi alioukuta Marekani.

Dadu yetu ya utotoni ilichongwa kwa mti wa mukau. Kaka yangu mkubwa alikata kipande kwa msumeno, akakisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka pande zikakaribiana, kisha tukachoma misumari kwenye makaa na kutoboa nukta. Nukta zilijiandika zenyewe kwa ule weusi wa kuungua. Ubao wa ludo tulichora kwa biro nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kete zilikuwa visoda, kwa sababu kete za dukani hazimalizi mwezi katika nyumba yenye watoto saba. Tulijua pia habari ya haki: pande zinazotazamana lazima zifike saba, moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Na tulimshuku kaka kwamba ametoboa nukta za sita kwa kina na ile moja akaigusa tu, ili upande wa sita uwe mwepesi na uangukie juu. Ugomvi huo ulifika hadi kwa baba. Zocchi angetuelewa vizuri.

Lakini mwalimu wa kazi hii hakuwa kaka. Alikuwa Susu, nyanya yetu. Susu alichora nzele, zile kata za kibuyu tunazonywea uji. Alikaa chini ya mwarobaini, kibuyu kikavu kati ya magoti, akakwaruza kwa ncha ya kisu: mistari, pembetatu, mara nyingine kobe au nyoka. Akimaliza, huoni kitu. Ni kibuyu chenye mikwaruzo myeupe tu. Ndipo alipochukua masizi, akayachanganya na mafuta ya mbarika kwenye kiganja, akapaka pote kwa kidole gumba mpaka kibuyu kikawa cheusi. Sisi watoto tulidhani amekiharibu. Kisha akafuta kwa kitambaa, na michoro ikatokea yote mara moja.

Masizi hayo yalitoka kwenye koroboi. Nilisema nitalirudia bwawa: lilikamilika 1981 na umeme wake ukasafiri kwenda mbali, nasi tulioishi karibu na maji yake tulisoma kwa koroboi mpaka nikamaliza sekondari. Jambo hilo bado linanichoma. Susu hakulizungumzia. Alishikilia kibati juu ya moshi, akakwangua masizi, akaendelea na kazi.

Wala si yeye peke yake. Wamunyu, upande wa pili wa Machakos, kuna wachongaji waliorithi kazi ya Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mti mweupe ukipakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa hufanana na mpingo, na mchongaji hujua pa kuacha weusi ukae na pa kuupangusa.

Desemba iliyofuata tulikwenda nyumbani. Tulishuka njiapanda ya Kangonde joto likiwa limepanda, na kabla ya magharibi mwanangu alikuwa ameketi na binamu zake barazani. Begi likamwagwa, dadu ya pande ishirini ikaviringika. Mama yangu akaiokota, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga kama alivyofanya mjukuu wake kule Minnesota.

"Hii haijamalizwa," akasema.

"Nilishindwa, Susu," akajibu mwanangu. Sasa mama yangu ndiye Susu.

Nilileta nzele ya zamani kutoka jikoni, ile yenye kobe wawili, nikamwekea mwanangu mapajani na hatimaye nikamweleza. Alipitisha ukucha ndani ya mkwaruzo, kimya. Kisha akauliza kama tunaweza kufanya hivyo hivyo kwenye dadu. Tulikwangua masizi chini ya sufuria, tukachanganya na mafuta ya kupikia, tukapaka. Ilipopanguswa namba zilionekana vizuri, watoto wakashangilia. Asubuhi dadu ilikuwa imechafua kila mkono ulioishika na namba zilikuwa nusu tupu.

"Plastiki hainywi mafuta, mwaitu," nilimwambia mama, nikijifanya mjuzi.

"Najua," akasema. "Mitungi yetu ya maji uliisoma vipi?"

Hapo nikakumbuka. Siku za foleni ya maji kila mtungi ulikuwa na jina, lililoandikwa kwa msumari wa moto na kujazwa weusi usiofutika. Sikuwahi kuuliza ni weusi gani. Mama alichukua kishina cha mshumaa, akakiyeyusha kwenye kijiko, akakoroga masizi ndani yake, akakimimina kwenye karatasi kipoe. Kikawa kijiti cheusi kigumu. Mwanangu akakitazama, akacheka kwa furaha: "Susu, umetengeneza krayoni!"

Ndicho alichofanya. Nta na rangi, jambo lile lile lililowekwa kwenye boksi mwaka 1981. Walisugua namba moja moja, wakakwangua ya juu kwa kipande cha kadi ya simu, wakapangusa kwa kanga kuukuu. Watoto watano walikuwa kazini kwa dadu moja: huyu anasugua, huyu anakwangua, mwingine anasimamia nukta ya 6 na 9 zisichanganywe, na mdogo kabisa anahesabu kama pande zinazotazamana zinafika ishirini na moja. Kule Minnesota kazi hiyo huwa ya mtu mmoja na taa yake. Nakiri kwamba rangi ya dukani hutoa namba safi zaidi, na ule utulivu wa mtoto peke yake mezani una thamani yake. Lakini sijawahi kumwona mwanangu akiipenda dadu kama alivyoipenda ile.

Wewe unayesoma haya ukiwa Lowell, Leeds au Doha, kama una kata ya kibuyu uliyoning'iniza ukutani kama pambo, iteremshe leo. Mpe mtoto apitishe kidole kwenye mchoro, umweleze weusi ule ni nini na nani aliupaka. Kama hujui, mpigie simu mama yako kabla hujalala.

Dadu ile sasa ina miaka mitatu. Namba zake zote ishirini bado zinasomeka.