Uliza Njia ya Kurudi

Mjukuu wangu,

Mama yako amenisomea ile barua ya mwaliko kutoka Ubelgiji. Miezi mitatu ya kujifunza kazi ya maziwa na jibini kwa watu walioirithi kwa babu zao ni heri kubwa, na Masisi inakuhitaji urudi na ujuzi huo. Mimi nimezeeka na kifua hakinipi nafasi. Sidhani tutaonana tena uso kwa uso ukishaondoka, ndiyo maana nakuandikia sasa, kalamu ingali inanitii.

Mambo ya dini na heshima umeyapokea tangu utotoni, sitayarudia. Nataka nikuachie jambo moja ambalo watu wetu hulichukua kama karatasi ya kumridhisha mtu wa viza: bima ya safari. Unajua nilikuwa muuguzi, kwanza huku Masisi, baadaye Walikale, mpaka nilipopumzishwa. Kazi ile ilinionyesha kwamba kwetu mgonjwa hauawi na ugonjwa peke yake. Mara nyingi anauawa na njia.

Nilipokuwa upande wa Ntoto, mama akishindwa kujifungua, habari ilipita nyumba kwa nyumba kabla ya alfajiri, na kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja. Wenye nguvu walibeba kipoyi, ile machela yetu, wengine walitangulia kuangalia kama daraja la miti bado lipo, na njiani walipokezana bila kumtua mgonjwa chini. Bima ni kipoyi kile kile: unatoa bega lako ukiwa mzima, ili siku ya kuanguka usianze kutafuta mabega ya watu.

Baadaye nikaona na upande wa pili. Wakati mgodi wa Bisie ulipopamba moto, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo, zinachukua kasiterite kuipeleka Goma. Kuna siku tulimpandisha mgonjwa juu ya mifuko ya madini, rubani akikubali na fedha ikipatikana. Namkumbuka kijana aliyevunjika paja shimoni. Kaka yake alisimama chini ya bawa akihesabu noti, na wachimbaji wenzake wakimwongezea moja moja kutoka mifukoni, injini tayari inanguruma. Siku ile zilitimia. Siku nyingine hazikutimia, na ndege iliondoka na mifuko yake.

Usifikiri Ulaya swali la nani analipa njia limekwisha. Ukianguka barabarani utapiga 112, namba yao ya dharura, na ambulansi itakuja, hawatakuacha chini. Lakini bili itafuata, na inamfuata mtu mwenye jina lililoandikwa kwenye pasipoti. Wewe umekua wakati hospitali kuu ya Masisi inasaidiwa na MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, waliofika hapo mwaka 2007, kwa hiyo umezoea kutibiwa bila kudaiwa. Ukienda mahali pengine hapa hapa Kongo utamkuta mama amejifungua salama na bado amezuiliwa wodini kwa deni. Ulaya hawatakufungia wodini, ila deni la siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi linaweza kuimaliza mifugo yote ya baba yako.

Sasa sikiliza sheria yenyewe. Kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2009, inamtaka anayeomba viza ya muda mfupi awe na bima ya angalau euro 30,000, yenye nguvu katika eneo zima la Schengen, ambalo sasa lina nchi 29, kwa siku zote atakazokaa. Bima hiyo ilipe matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na gharama za kifo. Watu wetu wanasoma ile 30,000, wanauliza ipi ni rahisi kuliko zote, wanalipa, basi. Wewe soma hayo mawili ya mwisho kwanza, kurudishwa na kifo. Hapo ndipo zilipo fedha nyingi, na hapo ndipo maneno yanapofichwa.

Muulize muuzaji: mnanirudisha hadi wapi? Mkataba mmoja utasema nchi ya makazi, mwingine uwanja wa ndege wa kimataifa, mwingine mahali pa kuzikwa. Kwa mtu wa Nairobi tofauti ni ndogo. Kwetu sisi ni kubwa mno. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ndege za abiria hazitui tena pale. Bima ikikufikisha Kinshasa, kwa kampuni kazi imekwisha, na kutoka hapo hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa anga, bila barabara ya kutegemewa. Baada ya hapo, njia ya kuja Masisi, bado kuna Sake, kuna Mushaki, kuna vizuizi na matope. Omba waandike wazi kama wanaweza kukupeleka hadi Kigali au Entebbe, ambako sisi tunaweza kuja kukupokea. Wakikataa, angalau utajua kabla ya kulipa, nasi tutajua ni kipande gani cha njia kitabaki mabegani mwetu.

Hili la maiti nalisema bila kuogopa, maana nimewaandaa wengi. Mmoja wa majirani zetu alipoteza kijana huko ng'ambo. Viza ilikuwa imekwisha, bima ilikwisha siku ile ile, na kijana alibaki kutafuta maisha. Alipofariki kwa ugonjwa wa ghafla, wenzake walianza kukotiza, yaani kuchangisha fedha, huko, sisi tukakotiza huku, kilio kikakaa wazi wiki baada ya wiki, watu wanakuja kukesha bila mwili. Mwishowe alizikwa kule. Baba yake alikuwa ameshauza ng'ombe, na fedha haikutosha hata kwa sanduku na ndege. Sitaki mama yako akae kwenye mkeka namna ile.

Kwa hiyo tarehe zisikosane hata siku moja. Ubalozi ukikupa viza, kwa kawaida huongeza siku 15 za akiba juu ya siku zako, na bima yako izifunike nazo. Halafu utazame safari nzima, kwa maana bima nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza zinaanza kufanya kazi ukishaingia Schengen. Wewe utavuka kwenda Kigali, utapita Nairobi au Entebbe, utasubiri Kinshasa, na njia hiyo yote huna mtu. Tafuta yenye kufunika tangu unapotoka nyumbani. Bei ikizidi kidogo, afadhali ile nguo mpya ya safari isubiri.

Kuhusu mahali pa kununua. Nilipokuwa kijana tulijua SONAS peke yake, iliyoundwa mwaka 1966. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yanapewa ruhusa na ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mwombe kila anayekuuzia akuonyeshe ruhusa hiyo. Muulize pia ni nani mwenzake kule Ulaya atakayepokea simu na kulipa hospitali, kwa sababu kanuni inataka madai yaweze kulipwa ndani ya nchi mojawapo ya huko. Sheria inaruhusu pia wenyeji wako wa Ubelgiji wakukatie bima kwa jina lako, masharti yakiwa yale yale. Usione haya kuwauliza. Wahakikishe tu jina lako wameliandika kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na lile jina letu la katikati wasiliruke.

Makomisioneri, wale madalali wa karatasi, utawakuta, watakuambia wanayo karatasi tayari, dola kidogo tu, hakuna anayeisoma. Inasomwa. Ukikamatwa na karatasi ya uongo viza inakataliwa, na kukataliwa kwako kunaweza kukaa kwenye mashine zao hadi miaka 5, kila ubalozi wa Schengen unaona. Euro 90 za kuomba viza, ndiyo bei tangu Juni 2024, hazirudi. Na wanaokuambia upitie ubalozi wa Ubelgiji Kigali, usiwasikilize: Rwanda ilivunja uhusiano na Ubelgiji Machi 2025, mlango huo umefungwa. Njia yako ni Kinshasa. Peleka maombi mapema. Wanapokea kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini laweza kufika 45. Kwa hiyo nunua bima ambayo tarehe zake zinasogezwa, na yenye kurudisha fedha ukileta barua ya kukataliwa. Zipo. Uliza, uandikiwe.

Sasa fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Uusome wewe mwenyewe, polepole, na kama Kifaransa chake ni kigumu mpelekee mwalimu wako wa zamani. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari, wengi hawaulipi, au wanalipa dharura yake tu. Pumu yako ya utotoni uitaje kwenye fomu. Ukiificha na ikakushika, watakuwa na sababu ya kukukana mbele ya kitanda. Kazi ya mikono nayo huachwa nje mara nyingi, na mafunzo yako yana mashine na maji ya moto, basi waambie wazi unakwenda kufanya nini. Na kuna kiasi ambacho unajilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza. Bima rahisi sana mara nyingi huficha hapo urahisi wake.

Neno la muuguzi: wewe ni wa mlimani, lakini kabla ya safari utakwenda kuwaaga wajomba zako Walikale, na msitu ule una malaria kali. Homa ikikupata wiki za kwanza huko Ubelgiji, usinywe dawa ya mafua na kulala. Nenda siku ile ile, useme kabla hawajakuuliza: natoka Kivu, nipimeni malaria. Daktari ambaye hajaiona kwa miaka anaweza kukupotezea siku mbili, na siku mbili zinatosha kuua. Kabla ya kulazwa, piga simu ya msaada iliyo kwenye kadi ya bima, maana makampuni mengi yanataka yaarifiwe kwanza. Hali ikiwa mbaya, 112 inatangulia, na mwenzako apige ile nyingine. Namba ya bima uiandike kwenye karatasi ndani ya jalada la pasipoti, na nakala umwachie mama yako. Simu huishiwa moto.

Wakija kukupokea kwa masomo marefu, kama mwalimu wako anavyotumaini, usidhani bima hii itaendelea. Zaidi ya siku 90 ni viza nyingine, kila nchi na sheria zake. Ubelgiji utajiandikisha kwenye komuni, kisha utaingia mutueli, mfuko wao wa bima ya afya. Ni kitu kizuri, inalipa daktari na dawa vizuri, lakini haikuundwa kwa ajili ya kurudisha mwili Masisi. Tafuta chama cha watu wa kwetu chenye kukotizia misiba, uingie ungali mzima, utoe mchango wako kila mwezi hata kama hujawahi kuzikiwa mtu. Na ukitaka kuja likizo, angalia tena: bima nyingi za huko hazikufuati mahali ambapo serikali yao imewakataza watu kwenda, na Kivu ya Kaskazini imo kwenye makatazo hayo. Walikale ilitekwa na M23 Machi 2025, nao wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Huwezi kupanga likizo juu ya hesabu kama hiyo. Bora tukutane Kampala.

Limebaki moja, linanihusu mimi. Baadhi ya bima zinalipa nauli ya kurudi haraka ukifiwa na mzazi, mume, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Babu mara nyingi hayumo kwenye orodha. Nikifa ukiwa kule, usikope nauli. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka umetoka, na mafunzo yamekatika katikati. Nimekwishawaambia wajomba zako wanizike siku ya desturi bila kukungoja. Atakayekupigia simu akulaumu, msomee barua hii.

Babu yako,
Masisi