Saa Kumi na Nne za Kurudi Nyumbani

Baina ya Nairobi na New York pana masafa ya takriban kilomita 11,800. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipozindua safari za moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, masafa hayo hukatwa kwa saa 15 hivi wakati wa kwenda na saa 14 wakati wa kurudi. Kabla ya hapo abiria alibadilisha ndege Ulaya au katika nchi za Ghuba, na aghalabu safari ilipita saa 20. Saa moja inayopungua wakati wa kurudi ni hisani ya pepo kali zinazovuma juu sana angani kutoka magharibi kwenda mashariki. Mabaharia wa Mwambao waliokuwa wakingojea kusi na kaskazi wasingestaajabu. Chombo kimebadilika, lakini bado kinautegemea upepo.

Hata hivyo, ipo hesabu nyingine isiyoandikwa katika tikiti. New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 7 majira ya joto na saa 8 majira ya baridi, kwani Wamarekani husogeza saa zao ilhali Wakenya hawazisogezi. Kijana mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akifanya kazi New York, aliielewa vyema hesabu hii usiku mmoja wa Januari. Mamaye alifariki Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Habari zilimfika Jumatatu, saa tatu ya usiku.

Mjomba ndiye aliyepiga simu. "Baba, tukungoje?" aliuliza.

Swali hilo si dogo kwa Waislamu wa Mwambao, ambao hawapendi maiti alale. Fauka ya hayo, kijana alikuwa mwana wa kiume wa pekee. Yeye ndiye aliyetarajiwa kushuka kaburini na kumlaza mamaye katika mwanandani. Akaketi kitandani, akahesabu kwa vidole. Ndege ingeondoka kesho yake adhuhuri, yaani saa mbili ya usiku kwa saa za Mombasa. Hapo aongeze saa 14 hadi Nairobi, kungojea ndege ya pili, saa moja ya kuruka, kisha foleni ya magari ya kuingia kisiwani, ambayo nayo haina ratiba. Angefika Jumatano alasiri. Tangu roho kutoka hadi yeye kubisha hodi, zingekuwa zimepita saa 35.

"Mzikeni, mjomba," alisema.

Mama alizikwa Jumanne hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Mjomba alishuka kaburini kwa niaba yake. Huko New York ilikuwa saa mbili na nusu ya asubuhi, kijana yumo ndani ya teksi akielekea uwanja wa ndege, simu sikioni, dada yake akimweleza jambo baada ya jambo: sasa jeneza linatoka, sasa wanaume wamekunja kona, sasa hatuwaoni tena.

Alifika Jumatano, hitima haijasomwa. Mjomba alimpokea mlangoni, akamshika mkono, wakaenda makaburini kabla hajanywa hata maji. Kutoka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.