Motokaa Inayochemka Ikiwa Imesimama

Ndugu msomaji, huenda wewe huna motokaa. Lakini siku utakapompakia mgonjwa wako katika motokaa ya jirani, utapenda dereva awe anajua habari hizi. Vijijini kwetu zipo bado motokaa za zamani zinazofanya kazi hiyo, nazo zataka mtu wa subira kuliko mtu wa nguvu.

Yetu ni Peugeot 404 ya mizigo, mali aliyotuachia baba. Aina hii ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na wazee wanaikumbuka kwa kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati walioiendesha ni Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Basi si motokaa dhaifu.

Mwaka juzi ikashikwa na ugonjwa. Barabarani ilikwenda vizuri, mshale wa joto umetulia katikati. Ikisimama tu huku injini inazunguka, mshale unapanda na maji yanachemka. Siku moja tulikuwa tukimpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Tulipofika penye mnada, ng'ombe walikuwa wamejaa njiani, tukasimama. Haikupita robo saa, mvuke ukatoka chini ya boneti. Ndugu ya mama yule akaruka chini, akataka kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Nikamshika mkono. Maji ya rejeta yamebanwa, hayachemki upesi kama ya sufuria. Ukifungua kifuniko kingali moto, yanaruka kwa nguvu na kukuunguza uso. Tulizima injini, tukaomba gari jingine limchukue mama. Usiku ule akajifungua salama, Mungu ashukuriwe.

Fundi mmoja akaniambia ninunue rejeta mpya. Mwingine akasema gasketi imeungua. Gharama yake ingemaliza karo ya watoto wawili. Kabla ya kulipa nikamwendea mzee mmoja aliyefanya ufundi tangu ujana wake. Hakugusa spana. Aliuliza neno moja tu: "Inachemka ikienda, au ikisimama?"

Fikiri maana ya swali hilo. Motokaa ikienda, upepo wa mwendo hupita wenyewe katika rejeta na kupoza maji. Ikisimama, hakuna upepo ila ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo ikichemka mlimani au katika mwendo wa kasi, shuku kwanza maji yamepungua, au rejeta imeziba ndani, au thamostati haifunguki. Ikichemka pale tu inaposimama, shuku upepo.

Ndipo akanifundisha utaratibu, nami nakupa wewe. Injini ikiwa imepoa kabisa, tazama maji. Kisha bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukiwa umelegea sana, pampu na feni huzunguka kivivu. Tazama uso wa rejeta, maana mbegu za majani, wadudu na tope huziba njia ya upepo. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, toka upande wa injini kwenda mbele. Tena fundi na apime wakati wa cheche za plagi, kwa kuwa cheche zikichelewa injini hupata joto hata ikiwa imesimama.

Lakini 404 ina jambo lake. Feni yake haishiki wakati wote. Ndani yake mna sumaku ya umeme. Maji yakipata joto, swichi hupeleka umeme, sumaku huikamata feni ikazunguka kwa nguvu. Yakipoa, huiachia. Umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaa kinachosugua, nacho huisha polepole kama kalamu ya risasi. Basi feni kulegea injini ikiwa baridi si ubovu. Ubovu ni kulegea wakati mshale uko juu.

Tuliwasha injini, tukasimama mbali kidogo, maana feni ile yaweza kushika ghafula na kukata vidole. Mshale ukapanda, feni isishike. Tulipozima na kungoja ipoe, tukafungua: kumbe kile kipande cha kaa kimekwisha! Rejeta ilikuwa nzima, na gasketi nzima. Tukatia kaa jipya, na tangu siku ile haijachemka.

Nakuonya mambo mawili. Watoto wasikaribie kamwe kifuniko cha rejeta chenye moto. Na injini iliyokauka maji, usiitie maji baridi ingali moto. Kichwa cha injini ya 404 ni cha aluminiamu, nacho huweza kupinda au kupasuka. Kaa kivulini, ungoje.

Muuguzi akiletewa mtoto mwenye homa, hampi dawa kabla ya kumwuliza mama yake: homa ilianza lini, inapanda saa ngapi? Nawe ukimpelekea fundi motokaa yako, mweleze inachemka wakati gani. Asiyetaka kusikia habari hiyo, usimpe fedha yako bado.