Ugonjwa Unaokuja na Kuondoka

Gari langu lilikuwa na tabia ya kuzimika ghafula: taa hufa, honi hunyamaza, kisha umeme hurudi kana kwamba hapakuwa na lolote. Nilinunua betri mpya, ugonjwa ukabaki. Fundi wa tatu niliyempelekea hakufungua kitu. Aliuliza kwanza: huzima lini? Katika njia mbovu, au injini ikishapata moto? Kisha aliwasha taa kubwa, akapima betri, nayo ikaonyesha volti 12 na ushei. Akaanza kuzitikisa nyaya mojamoja, macho yake yakiwa kwenye taa. Alipougusa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, taa zikafifia. Bolti ilikuwa imelegea, na chini yake kutu. Akakwangua, akakaza, kazi ya robo saa. (Betri yangu ya zamani, nzima kabisa, nilikwisha kuiuza.)

Ndugu mwalimu mwanafunzi, usiku ule sikulala vema. Katika darasa langu la tatu alikuwako mtoto asomaye vizuri Jumatatu na kubabaika Alhamisi, nami nilikwisha kumwandika “mvivu”. Sikuwa nimepata kumwuliza ni siku zipi, wala asubuhi za siku hizo alikuwa ametoka wapi. Ripoti yake ilikuwa bado mezani, haijatiwa sahihi.