Uvira: ukurasa mmoja, sura tatu, na mama aliyedhani ameibiwa

Siku ya alhamisi moja ya mwezi wa tisa 2018, mama mmoja muuza ndagala wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, alisimama mlangoni mwa sekretariati ya kijana mmoja na kusema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: « Weye kijana, umekula feza zangu. Mutoto wangu atakosa masomo sababu yako. » Wapita njia wakaanza kujikusanya. Kijana alikuwa amekaa katikati ya mashine zake tatu, jenereta ikinguruma nje, na jibu lake lilikuwa moja tu: « Mama, miye nilifanya vile ukurasa ulionyesha. Hapakuwa pa kufinya. »

Kisa kilianza siku ya jumatatu. Binti wa mama huyo alikuwa amepata diploma ya serikali mwaka ule, na chuo kikuu kimoja kilikuwa kikiandikisha wanafunzi wapya kwa njia ya intaneti. Mama alilipa dola 20 kwenye benki na kupewa bordero. Namba ya bordero hiyo ilipaswa kuandikwa kwenye fomu, kisha kufinya kitufe cha kutuma, kabla ya ijumaa saa kumi na moja za jioni. Dola 20 kwa mtu anayeuza ndagala kwa vikopo si jambo dogo. Ni vikopo vingi sana.

Binti alijaribu nyumbani kwa simu yake. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, asilimia alizopata, kisha namba ya bordero. Kitufe kilikuwepo, lakini kilibaki na rangi ya majivu, kimekufa. Akakifinya mara kumi, hakuna kitu. Usiku wa pili ikawa vilevile, na mega zikaisha. Siku ya jumatano akaenda sekretariati, akalipa franga 1000 za saa moja. Kwenye mashine ya kijana ukurasa ulikuwa na sura nyingine kabisa: vile vilivyokuwa vimepangwa sambamba kwenye simu vilishuka chini kimoja baada ya kingine kama magunia, na mwishoni picha kubwa ya jengo la chuo ilifunika kila kitu. Kitufe hakikuonekana, hata cha majivu. Kijana akamwambia huenda wamekwisha kufunga maandikisho.

Mama aliposikia hivyo alimpigia simu kaka yake aliye Bukavu. Kaka akafungua ukurasa uleule kwenye mashine ya kazini kwake. « Kitufe kiko, » akasema. « Cha kijani. Ninakiona hapa. »

Ndipo mama akafunga hesabu. Watu watatu wameangalia kitu kimoja. Mmoja anasema kitufe kimekufa, wa pili anasema hakipo, wa tatu anasema kipo na ni kijani. Lazima mmoja wao ni mwongo, na katika hao watatu ni mmoja tu aliyepokea makuta. Hesabu hiyo si ya mjinga. Mtu yeyote aliyezoea karatasi angeipiga hivyohivyo, maana barua iliyochapwa haibadiliki ikitoka mkononi mwa huyu kwenda kwa yule.

Lakini ukurasa wa intaneti si karatasi. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha CERN karibu na Genève, ndiye aliyeubuni mfumo huu na kuufungulia watu wa nje mwaka 1991. Kinachosafiri toka kule ukurasa unapokaa mpaka kwenye simu si picha ya ukurasa. Ni maagizo yaliyoandikwa: hapa weka kichwa cha habari, hapa weka picha, hapa sanduku la kuandikia, hapa kitufe cha rangi fulani. Anayeyasoma maagizo hayo na kuchora ukurasa ni programu iliyo ndani ya simu au mashine, ambayo vitabu huiita kivinjari, na vijana wa hapa huiita navigateri. Kila kivinjari kinachora chenyewe, kwa mkono wake.

Mafundi seremala wa Uvira wangelielewa jambo hili haraka kuliko watu wengi. Mwambie fundi akutengenezee mlango wa sentimita 80. Mmoja atapima ubao peke yake, kisha aongeze fremu nje. Mwingine atapima fremu na ubao pamoja. Wote wamekutii, lakini mlango mmoja hauingii ukutani. Jambo hilohilo lilitokea kwa vivinjari. Sheria iliyokubaliwa ilisema upana wa sanduku ni upana wa yaliyomo ndani, na nafasi ya pembeni pamoja na mpaka huongezwa juu yake. Internet Explorer ya Microsoft, katika matoleo yake ya zamani, ilihesabu vyote pamoja. Waandishi wa kurasa waliteseka miaka kwa miaka, wakiandika maagizo mara mbili, moja ya huyu na moja ya yule.

Na sheria zilikuwepo. Berners-Lee mwenyewe aliunda mwaka 1994 shirika la W3C ili maagizo yawe na maana moja kwa wote. Lakini miaka hiyohiyo kampuni zilikuwa vitani. Netscape ilitoka 1994, Internet Explorer ikafuata 1995, na kila upande ulijitungia maagizo yake ambayo mwenzake hakuyajua, ili wateja wabaki kwake. Kurasa nyingi za wakati ule ziliandikwa wazi kwamba zinaonekana vizuri kwa kivinjari fulani tu. Ni kama redio kusema habari zake zinaeleweka kwa mtu mwenye transista ya aina moja. Vita vile vimepoa, lakini mabaki yake hayajaondoka.

Kuna kanuni nyingine moja, na hii ndiyo iliyomponza kijana wa sekretariati. Kivinjari kikikutana na agizo la mapambo ambalo hakilijui, hakilalamiki wala hakisimami. Kinaliruka na kuendelea. Kanuni hiyo ni nzuri, maana bila hiyo simu ya zamani isingefungua ukurasa wowote mpya. Ubaya wake ni kwamba ukurasa unaharibika kimyakimya. Mashine za kijana zilikuwa za Windows 7, mfumo wa mwaka 2009, na kivinjari alichotumia ni kile kilichokuja nao, hakikuguswa tangu siku ya kwanza kwa sababu kukifanya upya kunakula mega. Fomu ya chuo ilipangwa kwa maagizo ya kupanga vitu sambamba ambayo yalizaliwa baada ya kivinjari hicho. Kikayaruka yote. Ndiyo maana vitu vilianguka kama magunia, na kitufe kikabaki chini ya picha.

Na simu ya binti? Yeye alitumia kivinjari chepesi cha kubana mega, kama wafanyavyo vijana wengi wa mji huu. Vivinjari vya namna hiyo, Opera Mini ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, vinafanya kazi kwa njia ya pekee. Katika hali yake ya kubana kabisa, ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu. Unafunguliwa kwanza kwenye mashine kubwa za mbali, unapunguzwa uzito, ndipo simu inapokea kilichobaki. Kwa kusoma habari hakuna kilicho rahisi kuliko hicho. Lakini fomu ya chuo ilikuwa na programu ndogo ndani yake, iliyokaa ikingoja mtu aandike namba ya bordero tarakimu kwa tarakimu; zikikamilika, ndipo inaamsha kitufe na kukipa rangi ya kijani. Katika njia ile ya mbali, programu kama hiyo haioni vidole vya mtu vikiandika. Binti aliandika, programu haikujua, kitufe kikabaki kimelala.

Kwa hiyo wote watatu walisema kweli. Kama kuna wa kulaumiwa, ni yule aliyeitengeneza fomu akaijaribu kwenye mashine yake nzuri peke yake, asifikiri kwamba wanafunzi anaowangoja wanatumia simu za bei ndogo na mega za kuhesabu. Kosa hilo linazidi kuwa rahisi, kwa sababu siku hizi vivinjari vingi vimejengwa juu ya injini ileile ya Chrome, na mtengenezaji akiona inakwenda huko anadhani kazi imekwisha.

Aliyefungua fundo ni mwanafunzi mmoja wa kompyuta aliyekuwa amekuja kuchapa kazi yake ya mwisho wa mwaka. Alisikiliza kelele kwa muda, kisha akamuomba binti simu. « Dada, humu ndani muna navigateri ingine. Hujaifungua hata siku moja? » Ilikuwa Chrome, iliyokuja na simu yenyewe. Binti akasema: « Yaya, ile inakula mega sana, miye niliiogopa. » Mama, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na mikono kiunoni, alifungua kitambaa chake akatoa franga 500. « Nunua hizo mega. Tuone. »

Walijaza fomu upya pale pale, watu wakichungulia juu ya mabega. Jina, tarehe, asilimia. Binti alipoandika tarakimu ya mwisho ya bordero, kitufe kikageuka kijani. Hakuna aliyesema kitu. Akakifinya. Ukurasa ukazunguka kwa muda mrefu, mtandao ulikuwa mzito, kisha yakaja maneno ya kwamba maandikisho yamepokelewa, na namba ya mwanafunzi chini yake.

Mama hakuomba msamaha kwa maneno. Alimuuliza kijana kama amekula mchana, na jioni binti alirudi na sahani ya ndagala iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Kijana naye, siku ya jumamosi, aliweka Firefox mpya kwenye mashine mbili. Ya tatu aliiacha hivyohivyo, kwa sababu mega zilimwishia.

Lakini kabla ya kuondoka siku ile ya alhamisi, mama alitaka karatasi. Namba iliyo ndani ya simu hakuiamini. Mwanafunzi akaufungua uthibitisho kwenye kompyuta yake mwenyewe, akauunganisha na mashine ya kuchapa ya kijana. Kwenye kioo ulikuwa na utepe wa bluu juu na nembo ya chuo nyuma ya maandishi. Karatasi ilipotoka haikuwa na bluu wala nembo, maandishi meusi tu, kwa maana vivinjari vikichapa huacha rangi na picha za nyuma ili kuokoa wino, isipokuwa mtu aviamuru vingine. Mama akaishika karatasi kwa mkono mmoja, akatazama kioo, akatazama karatasi, kisha akamgeukia kijana.

« Na hii nayo? »